Mikisa ya Kaka Mkubwa

Wanamuziki walimwita Masikio, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka mingi alikaa mbele ya mikisa ya studio, ile meza pana iliyojaa vifundo vya kupandisha na kushusha sauti, akachanganya nyimbo za watu mpaka kila chombo kikatulia mahali pake. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mapazia. Mdogo wake wa kike ndiye aliyerekodi waimbaji na kushika kompyuta, ambayo kaka mtu aliiona kama kabati la kuhifadhia tu. Nyimbo, alisema, huchanganywa kwa vidole.

Mwaka huo mikisa ilizeeka vibaya. Upande wa kushoto ulikuwa ukikatika bila kuaga.

"Kaka, tuiuze kwa vipuri," dada mtu alisema. "Tuchanganye kila kitu kwenye kompyuta kama wenzetu."

"Nyimbo za wenzetu zimekauka kama mbao. Meza hii ina joto."

"Joto sikatai. Juzi hata moshi ulitoka."

Masikio alicheka, naye dada akacheka, lakini hakumtazama kaka yake usoni.

Kisha akarudi mama mmoja mjane, aliyekuwa amerekodi wimbo wa kumuaga mumewe. Aliketi kwenye kochi na mkoba wake ukiwa bado begani.

"Watoto wangu wameshindwa kuusikiliza," alisema. "Wimbo wa baba yao. Kila nikitamka 's' ni kama kisu kinakwaruza sahani."

"Labda ni redio yako, mama," Masikio alisema kwa upole. "Hapa uko laini kabisa."

Akaupiga wimbo. Mjane akakunja uso. Dada akainamia sakafu. Masikio akawatazama wote wawili, akasema basi itakuwa ni mikisa, imeanza kumsaliti.

Wakamwita fundi wa vifaa vya sauti. Shauri lake lilikuwa rahisi: apitishe mlio mmoja kwenye mikisa, kisha kwenye kompyuta, mlio unaoanzia chini na kupanda, ili wajue kifaa kipi kinaharibu sauti. Kitakachoshindwa kiondoke.

Mlio ulianza kama ngurumo ya mbali. Ukapanda ukawa filimbi, ukapanda tena ukawa mwembamba kama mbu. Halafu kimya. Masikio akasubiri. Alimwona fundi amekunja shingo, na mdogo wake ameziba sikio kwa kiganja.

"Mbona mmezima?" akauliza.

Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwa ungali unapanda.

"Bado unalia, kaka," mdogo wake akasema.

Akainuka, akaweka sikio kwenye spika, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Alikaa hivyo mpaka fundi mwenyewe akazima. Fundi akakohoa, akasema mikisa ina waya mbovu tu, vinginevyo ni nzima. Akakusanya bisibisi zake akaondoka.

"Umejua tangu lini?" Masikio aliuliza.

"Muda sasa."

"Ukanyamaza."

"Ningeanzaje, kaka? Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Nilidhani tukihamia kwenye kompyuta ningekuwa narekebisha kimyakimya baada yako, usijue."

Hilo lilimuuma kuliko masikio yenyewe. Akazifikiria nyimbo zote zilizotoka mikononi mwake karibuni, alizozinoa kwa kupandisha milio ya juu mpaka zikakata watu kwa sababu yeye aliziona butu.

Hata hivyo alijaribu. Alihamia kwenye kompyuta, akachanganya wimbo wa mjane kwa kufuata rangi na mistari, akishusha kila kilichochomoza. Mistari ikanyooka. Lakini moyoni hakupata kitu. Ilikuwa kama kusomewa ladha ya chakula. Akavua vipokea sauti, akasukuma kiti nyuma.

"Njoo ukae," akamwambia mdogo wake.

Dada hakuchagua kifaa kimoja. Waya ulipobadilishwa, sauti ya mjane aliipitisha kwenye mikisa ipate ule unene wake, kisha kwenye kompyuta akazipunguza 's' moja baada ya nyingine. Mjane alikaribishwa asikilize. Aliinamisha kichwa, mabega yakatetemeka, na mkoba ukamtelemka asijue.

"Wimbo umekaa vizuri, kaka?" dada aliuliza kwa mazoea, bila kugeuka.

"Usiniulize mimi. Muulize mwenye wimbo."

Daktari wa masikio alimwambia kilichokwenda hakirudi. Siku hizi Masikio hufika asubuhi, hutandaza nyaya na kupanga maikrofoni mbele ya waimbaji, na hilo hulifanya vizuri. Kazi ya kuchanganya inapoanza, hufunga mlango taratibu, akatoka kuketi dukani kati ya mapazia. Ngoma nzito humfikia kupitia ukutani. Huzisikiliza mpaka zinyamaze, kisha hungoja mtu aje kumwambia kama wimbo umekwisha.