Hezi Hamsini Ofisini kwa Depu

Mimi Wahome wa Kidato cha Tatu, nikiwa na akili timamu na soksi zisizofanana, natangaza kwamba kengele ya shule yetu haikuwa na hatia.

Kengele hiyo tuliiunda mimi na Nduku. Moyo wake ni kigeuzi, kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hupokea namba kutoka kwa kompyuta na kuzigeuza kuwa volti, kisha spika huzifanya volti hizo kuwa sauti. Kilikaa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kinuthia, ambaye sisi humwita Depu, kando ya amplifaya. Jumamosi kilikuwa kiende Karatina kwenye mashindano ya sayansi.

Kisha spika zikaanza kunguruma. Zilinguruma wakati wa sala na hazikuheshimu hata wimbo wa taifa. Depu akatuita.

"Ni hiyo takataka yenu," akasema. "Mwezi jana, Wahome, uliifanya iwike kama jogoo. Sasa umetuletea simba?"

"Jogoo nakubali, mwalimu. Alikuwa anawika vizuri. Lakini hii si mimi."

"Utaomba msamaha mbele ya shule nzima kwenye paredi, ama Karatina msahau."

Nduku akanikanyaga mguu. Shuleni kwetu ukilaumiwa unasema pole, unapewa jembe, unang'oa kisiki, maisha yanaendelea. Mimi nimeng'oa visiki vingi, na vyote nilistahili. Hiki sikukistahili.

"Siombi," nikasema. "Kipimwe kwanza."

"Ati nini?"

"Kipimwe. Kikipatikana na makosa, nitang'oa kisiki pamoja na mti wa jirani."

Madam Beverlyne, mwalimu wetu wa fizikia, alikuwa amesimama mlangoni. "Wacha wapime, Bwana Kinuthia. Hata mwizi wa kuku hupelekwa kortini."

Wakati huo sikujua kwa nini Depu alishtuka aliposikia neno kuku.

Maabarani Nduku alituma sifuri, na mita ikasoma sifuri. Akatuma namba kubwa kuliko zote, ikasoma volti tano, kama tulivyokusudia. Tukapanda kutoka chini hadi juu, na hakuna ngazi iliyorukwa. Kisha tukakiamuru kigeuzi kishike namba moja tu na kunyamaza, tukatazama kwenye kompyuta kelele iliyobaki. Grafu yake hupanga kelele kutoka mngurumo mzito upande wa kushoto hadi mlio mwembamba upande wa kulia. Ilikuwa tambarare kama mashamba ya mpunga ya Mwea.

"Kisafi," Madam akasema.

"Hapa," Depu akajibu. "Kwa ofisi kinanguruma."

"Basi tukipime kwa ofisi," nikasema.

"Huko kuna mitihani."

"Nitasimama mbele ya kabati la mitihani," Madam akasema, tayari akitembea.

Ofisini tulirudia kipimo kilekile. Safari hii mti mrefu ulichipuka kwenye grafu, pale kwenye hezi hamsini, yaani mitetemo hamsini kwa sekunde. Mwingine ukaota kwenye mia moja, na mdogo kwenye mia na hamsini.

"Hamsini ni mwendo wa stima, huu umeme wa ukutani," Madam akasema. "Kelele inaingia kutoka nje."

Nduku akaufuata waya wa stima kwa kidole. Ulikuwa umejizungusha kwenye waya wetu kama maharagwe kwenye mhindi, kisha ukapita nyuma ya kabati na kuzama chini ya blanketi. Akalifunua. Kulikuwa na katoni, balbu mbili na feni kuukuu.

"Mwalimu," akasema polepole, "uko na mayai."

"Ni ya kienyeji," Depu akasema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu. "Kwangu Kangema stima inapotea kila siku. Na mwezi wa saba na hii baridi, ningefanya nini?"

Nikachomoa plagi. Balbu zikazimika, na miti kwenye grafu ikaanguka yote.

"Rudisha! Yako karibu kuanguliwa!"

"Mwalimu, mayai ama jina yangu?"

Alimtazama Madam. Madam alitazama dari kwa makini sana.

"Nitasema kwa paredi," Depu akanong'ona.

Nikaurudisha umeme, lakini kwenye soketi ya ukuta wa pili, mbali na waya wetu. Vifaranga hawakuwa na hatia pia.

Asubuhi Depu alishika maikrofoni. "Ile kelele ilikuwa hitilafu ya kiufundi."

Nikainua mkono. "Hitilafu ya nani, mwalimu?"

Spika hazikunguruma hata kidogo, kwa hivyo shule nzima ilimsikia akimeza mate.

"Yangu," akasema. "Kidude cha Wahome na Nduku ni kizima. Wataenda Karatina."

Tulienda. Ila kabla ya kuondoka nilibadilisha kengele ya chakula cha mchana, ikawa sauti ya kuku akiita vifaranga wake.

Niliporudi jembe lilikuwa linanisubiri. Kisiki hicho nilistahili, na niliking'oa nikiimba.