Kumkausha Meneja

Ilikuwa Jumamosi, mvua imeanza kabla hatujaamka na haikuonyesha nia ya kukoma. Saluni ya mjukuu wangu iko chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ina viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa kwenye pembe, sinki la kuoshea nywele, draya moja ya kusimama yenye kofia kubwa kama sufuria, na nyingine ndogo ya mkononi inayoning'inia kwenye msumari. Chumba changu ni cha pili. Mlango ukiwa wazi naona kila kinachofanyika huko mbele, na mlango huwa wazi.

Paka wetu anaitwa Meneja. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hana kazi yoyote ila kukaa juu ya meza na kuwatazama wanaofanya kazi. Ni mweupe, ana doa la kijivu begani. Siku sita kabla ya Jumamosi hiyo alikuwa amezaa watoto wanne ndani ya boksi la shampuu chini ya kitanda changu. Macho yao yalikuwa bado hayajafunguka. Walikuwa wananyonya na kulala, basi, na wakiamka ni kunyonya tena.

Saa tatu na nusu asubuhi alikuwepo mteja mmoja tu, mwalimu wa hesabu, amekuja kuficha mvi zake. Mjukuu alikuwa ameshampaka rangi nyeusi upande mmoja wa kichwa. Bakuli lenye rangi iliyobaki aliliweka juu ya meza, akageuka kuchukua glovu mpya. Meneja alitoka kwa watoto wake kuja kujinyoosha, akaruka juu ya meza kama alivyozoea. Safari hii alitua ndani ya bakuli.

"Bibi! Meneja ameingia kwenye rangi!"

"Ameingia au amenusa?"

"Ameingia mzima mzima!"

Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni, mweusi kuanzia mbavuni kushuka tumboni hadi mkiani. Tayari alikuwa anageuza shingo ili ajilambe. Nikamkamata kwa ngozi ya shingo.

"Asijilambe," nikamwambia mjukuu. "Shika kichwa hicho."

Mwalimu aliokota kopo la rangi, akalisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa sauti kama yuko darasani: "Isimezwe. Iwekwe mbali na watoto."

"Watoto wa nani?" mjukuu akauliza.

Mwalimu alicheka peke yake. Halafu naye akaacha, maana aliona tunatazama wapi. Rangi ilikuwa imeingia katikati ya chuchu.

"Walinyonya saa ngapi mara ya mwisho?" akauliza.

"Nilipokuwa nakunywa chai. Saa mbili na nusu hivi," nikasema.

"Na wanaweza kukaa mpaka saa ngapi?"

Nilimwambia ninachokijua. Watoto wa umri huo wakipita muda wa saa tatu bila kunyonya huanza kupoa, na wakishapoa hawanyonyi hata ukiwawekea titi mdomoni. Mwalimu akatazama saa yake ya mkononi. "Saa tano na nusu," akasema. Mjukuu alikuwa ameshafungua bomba.

Nikawaongezea jambo moja. Tukimrudisha mama yao akiwa amelowa, atawapoza yeye mwenyewe kwa unyevu wake. Kwa hiyo kumwosha ilikuwa nusu ya kazi tu.

Kumwosha hakukuwa na maneno mengi. Tulichanganya maji ya birika na ya bomba, nikayapima kwa kiwiko, tukampaka shampuu mara mbili na kumsuuza mara tano mpaka maji yakatoka meupe. Mwalimu aliambiwa aoshe kichwa chake mwenyewe kwenye beseni, akaosha bila kulalamika. Mjukuu alipata mikwaruzo minne mkono wa kushoto. Meneja aliyetoka kwenye sinki alikuwa nusu ya Meneja aliyeingia, amebaki masikio na macho.

Saa nne na dakika kumi mjukuu aliivuta draya ndogo kutoka msumarini.

"Dakika tano tu, Bibi. Moto wa chini."

"Hiyo ina kelele."

"Nywele ni nywele. Mimi nakausha vichwa sita kwa siku."

Akabonyeza. Meneja alipanda kifua chake, akapita juu ya bega, akatua juu ya kofia ya draya kubwa na kubaki huko akitiririka maji. Ilibidi nipande kwenye kiti kumshusha, na umri wangu si wa kupanda viti.

"Mwekeni ndani ya kapu," mwalimu akasema, "mfunike, kisha kapu liwe chini ya hiyo draya kubwa. Si ndivyo mnavyotufanya sisi?"

Mjukuu aliona ni wazo zuri. Alitoa nguo kwenye kapu la plastiki, akamtia Meneja, akafunga mfuniko na kulisogeza chini ya kofia. Aliweka moto kwenye namba moja.

"Mteja akiungua husema," nikamwambia. "Huyu atasema nini?"

"Namba moja haiunguzi, Bibi. Hata weka mkono wako."

Niliweka mkono nje ya kapu, ukawa sawa. Kisha nikafungua mfuniko kidogo nikauingiza ndani. Joto lilikuwa limejikusanya mle kama ndani ya gari lililoachwa juani. Meneja alikuwa amefungua mdomo, ulimi nje, mbavu zinakwenda mbio. Mbwa huhema hivyo, paka hahemi hivyo bila sababu. Nikachomoa waya ukutani.

"Sasa tumfanyeje?" mjukuu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bibi, mimi ndiye niliyeacha bakuli wazi. Wale watoto wakifa ni mimi."

"Leta taulo," nikasema. "Zote."

Mimi nimefanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini na sita. Nguo za sufu hazikamuliwi kwa mikono wala hazitiwi kwenye mashine ya moto. Unatandaza taulo, unaweka sweta juu yake, unazungusha vyote pamoja kama mkeka, halafu unakandamiza kwa uzito wako. Taulo linakunywa maji. Unafungua, unachukua taulo jingine. Nimekausha blanketi za watoto wachanga kwa njia hiyo, na hakuna hata moja iliyosinyaa.

Nikamtandaza Meneja, nikamzungusha, nikaacha kichwa tu. Nikakandamiza kwa mikono miwili. Alinyamaza kabisa. Nikadhani tumeelewana.

"Bibi, macho yake," mjukuu akasema.

Macho yalikuwa yamemtoka, na mdomo umefunguka tena. Nililegeza taulo mara moja, akavuta pumzi ndefu. Nilikuwa namkamua.

"Mke mwenzangu," mjukuu akaniambia, kwa jina ninalomwita yeye kila siku tangu babu yake alipomchumbia kwa utani, yeye akiwa mtoto wa meno mawili, "huyo si blanketi la wodi."

Nikaliondoa taulo. Saa ilikuwa nne na dakika thelathini na tano.

Basi tukaanza upya. Tulihamia chumbani kwangu, tukafunga dirisha, tukaziba upenyo wa chini ya mlango kwa shuka ili upepo usipite. Nilikaa kitandani nikampakata Meneja, taulo likiwa limemlalia mgongoni tu, bila kumfunga. Nikawa naweka kiganja, nabonyeza kidogo, nanyanyua. Sikusugua, maana manyoya ukiyasugua yanajifunga vifundo, na maji hujificha ndani ya kifundo. Taulo likilowa, mjukuu alinipa jingine. Yeye ndiye aliyewaza pasi. Alizipiga taulo pasi moja baada ya nyingine, akaziweka kwanza shavuni mwake, akasubiri zipungue moto, ndipo akanipa. Taulo lenye uvuguvugu Meneja alilikubali. La tatu lilipofika aliacha kusukuma kwa miguu.

Mwalimu, nywele zake nyeusi upande huu na za mvi upande ule, alikaa sakafuni kando ya boksi. Tulimpa chupa mbili za maji ya moto ndani ya soksi, azilaze pembeni mwa watoto, zisiwaguse.

"Na hicho kitambaa walicholalia kitoe," nikamwagiza. "Kinanuka. Weka taulo safi."

Akakitoa kwa ncha za vidole.

Kuna sehemu za paka ambazo hukauka mwisho, nami sikuwa nazijua: makwapani, kwenye nena, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Manyoya ya mgongo yalikuwa tayari yanapeperuka na bado ukiingiza kidole kwapani kinatoka kimelowa. Mjukuu alichukua chanuo la meno mapana, akafungua manyoya kidogo kidogo kuelekea yalikolala, nami nikifuata nyuma na taulo. Tulifanya hivyo bila kuzungumza. Watoto ndio waliokuwa wakizungumza.

"Saa tano na robo," mwalimu akasema. Baadaye kidogo akasema, "Huyu mdogo amenyamaza."

"Amelala?" mjukuu akauliza.

"Sijui. Mdomo wake una baridi."

Mjukuu aliweka chanuo chini. Nikamwambia amchukue mtoto huyo, amweke kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, na asijaribu kumpa chochote mpaka apate joto. Mimi nikamalizia tumbo. Taulo la tisa nililipitisha makwapani likatoka kavu. Chini ya mkia palikuwa na unyevu kidogo, hapo nikapaacha.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na nane tulipomlaza Meneja ndani ya boksi. Alijilaza ubavu, akainua mguu, akafanya yote ambayo mama anatakiwa kufanya. Watoto watatu walikwenda mpaka tumboni. Wakanusa. Wakarudi nyuma. Mmoja alizunguka akaenda kugonga ukuta wa boksi, wawili wakabaki wanatikisa vichwa na kulia, chuchu ikiwa mbele ya pua zao.

"Wana nini?" mwalimu akauliza. "Si amekauka?"

Niliinama nikanusa mwenyewe. Tumbo zima lilikuwa linanukia maua ya shampuu, na taulo la boksini lilikuwa linanukia sabuni yangu. Watoto wasio na macho huenda kwa pua, na ndani ya boksi lile hapakuwa na kitu hata kimoja walichokijua.

"Hawamjui," mjukuu akasema.

"Kile kitambaa kiko wapi?"

"Kwenye ndoo ya nguo chafu. Si umesema kinanuka?" mwalimu akajibu.

"Umeshakimwagia maji?"

"Bado."

"Kilete."

Alikileta. Kilikuwa kipande cha shuka kuukuu chenye damu kavu ya kuzalia, maziwa yaliyoganda na mkojo wa siku sita. Katika miaka yangu yote ya kufua sijawahi kuchukua kitu cha namna ile nikakipeleka kwenye kitu kisafi. Nilikipitisha tumboni kwa Meneja, polepole, chuchu moja baada ya nyingine, kisha nikakitandika juu ya taulo. Meneja alikinusa, akaweka kidevu juu yake.

Yule aliyekuwa ukutani aligeuka wa kwanza. Alikuja akitambaa kwa tumbo, akatumbukiza pua kwenye kitambaa, akakifuata hadi kwenye chuchu. Akashika. Wa pili akapita juu yake. Wa tatu alikosea akashika manyoya, akaacha, akashika panapotakiwa. Makelele yakapungua moja moja mpaka ikasikika mvua.

Mjukuu alimtoa wa nne kifuani. Alikuwa amepata joto lakini kichwa kilikuwa kinalegea. Akamweka kwenye chuchu ya nyuma, ambayo mwalimu alisema ndiyo imejaa zaidi. Mtoto hakufungua mdomo.

"Bonyeza chuchu kidogo," nikamwambia. "Tone moja, umpake mdomoni. Usimmiminie."

Alibonyeza. Tone likakaa mdomoni likiwa jeupe, halikwenda popote. Akaongeza la pili. Mwalimu alikuwa ameivua saa yake na kuishika mkononi, lakini haitazami. Tone la tatu lilipogusa, ulimi ulitoka, mdogo kama punje ya mchele, ukarudi ndani. Kisha kichwa kikasogea chenyewe mbele, kikatafuta, na mdomo ukafunga.

Mwanzoni hakuna kilichosogea. Halafu koo lake likaanza kupanda na kushuka.

"Mwache sasa," nikamwambia mjukuu. "Ameshika."

Hakuondoa kidole chake kilichokuwa kinaegemeza ile shingo mpaka nilipomwambia mara ya pili.