Mgao wa Askari wa Miji Mitatu

Thani bin Harub alikuwa karani wa mahesabu wa polisi Unguja kwa miaka kumi na moja, mpaka mwaka wa sitini na nne ulipomtoa huko mbio. Akahangaika Mombasa akiuza vitambaa vya watu. Agosti 1970, habari zilipoenea kwamba Omani inawataka wasomi wake warudi, akaingia Maskati na sanduku moja na vyeti vyake. Mkewe Mahfoudha na watoto watatu aliwaacha Mombasa. Ofisi ilimpa miezi mitatu ya majaribio. Akithibitishwa, ndipo atapata barua ya kuwaombea ruhusa ya kuingia nchini.

Kazi aliyopewa ilikuwa bajeti. Maskati, Matrah na Sidab zilitakiwa kuwa na kikosi kimoja cha polisi, askari arubaini, na kila mji uchangie gharama kwa kadiri ya nyumba zake. Orodha ya nyumba haikuwapo. Thani akajifunga kibwebwe, akazihesabu mwenyewe kwa miguu, jua likimpika. Alifuata desturi ya Unguja: nyumba yenye watu huhesabiwa, iliyofungwa kufuli hurukwa. Matrah alikuta makufuli mtaa baada ya mtaa. Akasema moyoni, hawa ndio wale waliohama nchi kwa dhiki. Sidab, kwa wavuvi, kila kibanda kilikuwa kinatoa moshi. Basi Sidab ikaangukiwa na karibu thuluthi ya gharama zote.

"Wavuvi wamekuwa wengi hivi?" aliuliza Aflah, msimamizi wake, naye mtu wa Unguja. Aliuliza mara moja tu, kisha akaipeleka bajeti ikapigwe chapa.

Oktoba, nyumba iliyokabili chumba cha Thani pale Matrah ikafunguliwa kufuli. Akaingia bibi mmoja na wajukuu, mbuzi wanne na magunia ya tende. Jina lake Bi Masouda, aliwahi kuolewa Unguja ujanani, na Kiswahili hakikumtoka.

"Ulidhani tumekufa?" alimcheka Thani. "Wakati wa qaidh hakai mtu hapa, mwanangu. Joto lote lile! Sote twenda Seeb, kwenye mitende, mpaka tende ziishe. Hubaki masikini na wavuvi."

Siku ile Thani hakula. Mtaa mzima ulikuwa unafunguka milango, na kila mlango aliuona unamsuta. Babu yake alizaliwa nchi hii, na yeye mjukuu hakujua kwamba watu wake huhama kila kiangazi. Aliona aibu ya kweli.

Alimwendea Aflah asubuhi ya mkutano wa kuisomea miji mitatu mafungu yao, akamweleza kosa. Barua yake ya kuthibitishwa ilikuwa tayari, imo ndani ya jalada lilelile la bajeti, inasubiri sahihi ya mkuu wa ofisi.

"Nakuomba, Thani, nyamaza," alisema Aflah. "Mwakani tutaisahihisha kimyakimya. Hawa wenyeji wakijua, watasema watu wa Zinjibari hawajui kitu. Na weye una watoto."

"Na Sidab watalipa kwa nini, Bwana Aflah? Kwa nyavu?"

"Mie nshakwambia."

Mkutanoni, Sheikh Ghanim, aliyewasemea Sidab, alisomewa fungu lao. Akauliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Kisha akasema watalipa, ila wapewe muda wauze mashua mbili.

Thani akasimama.

"Kosa langu," alisema. "Nilihesabu wakati wa qaidh. Nyumba za Matrah zilizofungwa nimeziruka, na hizo ndizo zinazotaka askari kuliko zote."

Wafanyabiashara wa Matrah wakamcheka karani asiyejua kiangazi. Walipotambua kwamba fungu lao ndilo litakalopanda, kicheko kikawakauka. Sheikh Ghanim hakushukuru. Aliuliza Sidab watalipa ngapi sasa, akatajiwa kadirio, akanung'unika kwamba hata hizo nyingi.

Mkuu wa ofisi hakupiga kelele. Alilifunga jalada, barua ikiwa ndani bila sahihi.

"Utahesabu sasa, wakati wa baridi," alisema. "Na qaidh ijayo utahesabu tena. Ukimaliza zote mbili, tutazungumza habari ya kuthibitishwa."

Njia nzima ya kurudi ofisini Aflah alitangulia mbele peke yake.

Alasiri Thani alikaa akaandika. Alimwambia Mahfoudha kwamba safari imeahirishwa, si kwa mwezi wala miwili, labda mpaka Septemba. Alimwambia alikosea hesabu na kosa ni lake peke yake. Aliomba radhi, akawasalimia watoto mmoja mmoja kwa majina, na hapo machozi yakamtoka hata akalazimika kubadilisha karatasi.

Yote aliyaandika isipokuwa moja. Hakumwambia kwamba angeweza kunyamaza.