Mke wa Chozi Aliyeandikwa Shomoro

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshtakiwa na ndege. Kosa nilikuwa nalo, sikatai.

Mimi Mkude nina miezi mitatu tangu nianze kujifunza kutambua ndege. Bwana Kidunda, anayetufundisha kila Jumamosi, ana amri mbili: tazama mdomo kabla ya manyoya, na ulichokiandika kwa wino hakifutwi. Ile ya kwanza huwa naisahau. Ndege anayeng'aa namtafuta kitabuni hadi nimpate. Kale kengine kadogo ka kahawia naandika "shomoro", kisha naenda zangu kunywa chai.

Basi ndotoni nimekaa kibarazani kwangu, Morogoro, nasikia hodi. Wanaingia shomoro arobaini, wamevaa kanzu, wamebeba sufuria la pilau. Mjomba wao akanieleza kwa adabu zote kwamba wamekuja kumchukua binti yao, yule anayelea vifaranga kwenye kiota kinachoning'inia chini ya bati langu. Hawakujua kama ni ndugu yao. Wamesoma kwenye daftari langu.

Jamani! Kile kiota ni cha ndege aitwaye chozi. Mume, anayemetameta kijani, nilimwandika vizuri na nyota pembeni. Mke, kwa kuwa hana rangi za kutisha watu, nikamwita shomoro nikafunga daftari.

Kufumba na kufumbua kibaraza kimekuwa baraza la usuluhishi wa ndoa. Mwenyekiti ni hondohondo, na mdomo wake ameuegemeza mezani kwa sababu ni mzito. Chozi mume analia. Anasema mkewe anamjua kwa sauti, lakini daftari limeshasema, na yeye ni nani abishane na msomi. Bi Chozi mwenyewe ananitazama tu. Kiotani vifaranga wawili wanalia njaa, na sheria ya baraza ni kwamba hawalishwi mpaka ijulikane mama yao ni nani. Niliona haya.

Nikaomba nifute. Hondohondo akanijulisha kwamba wino haufutwi, ila aliyeandika anaweza kuongeza mstari chini yake, akiwa na sababu. Sababu sina. Nikainua darubini. Darubini ikafumba macho.

"Mimi nimezoea warembo," ikasema. "Huyu mtazame mwenyewe."

Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nimeambiwa mbele za watu. Nikapiga magoti, nikamtazama Bi Chozi polepole, kama mtu anayechambua mchele. Mgongo wa kahawia. Kifua cha manjano iliyofifia. Halafu mdomo: mwembamba, mrefu, umepinda kama shazia ya kushonea magunia. Nikamgeukia mjomba wa shomoro. Wake mfupi, mnene, wa kuvunjia mbegu.

"Huyu mkimpa mtama atakufa njaa," nikasema. "Mdomo huu ni wa kunyonya maua. Ni chozi, na mumewe ni yule pale."

Nikaandika kwa wino: chozi, jike.

Mjomba akautazama mdomo wa Bi Chozi, akaujaribu wake kwenye punje ya wali, akasema yaishe. Bi Chozi akaruka kiotani kabla mjomba hajamaliza sentensi, na kelele za njaa zikakatika mara moja. Kuhusu pilau, mjomba alisema likishapikwa halirudi nyumbani, kwa hiyo tukala wote. Hondohondo alicheza ngoma mpaka meza ikavunjika. Mimi nilifurahi mno, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Bi Chozi akaja kuniaga. Akavuta uzi wa utando wa buibui, ule anaoshonea kiota, akauzungusha mara saba kwenye kidole changu cha pete. Akasema ni wa kunikumbusha kutazama.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Mke wangu Tatu amesimama kando ya kitanda na bakuli la uji, anakitazama kidole changu. Kimefungwa utando wa buibui, mizunguko saba, na kiunyoya cha kahawia kimenasa humo.

Akaniuliza, kwa ule upole wake wa kutisha, nani amenivisha pete.

Mimi ni mtu wa kusema kweli. Nikamjibu kwamba ni mke wa mtu, lakini mumewe alikuwepo, na pilau tulikula pamoja.

Uji ameunywa yeye.