Shemeji Apata Pancha

Nikutegee moja kabla hujakaa vizuri. Nina mtu kwangu, chakula chake upepo mtupu. Akishiba anabeba mume, mke na mzigo wao, wala haguni. Lakini aguswe na kitu chembamba kama njiti, anatapika chakula chote na kulala papo hapo, na umbembeleze utakavyo, hainuki. Nani huyo?

Umesema punda? Punda gani anashiba upepo, mwenzangu? Haya, umeshindwa, na mji usinipe, sina watu wa kuujaza. Ni gurudumu la pikipiki. Na hili ninalokusimulia lilikuwa gurudumu la nyuma, la pikipiki moja kuukuu iliyoitwa Shemeji.

Waliompa jina hilo ni mtu na mkewe. Mume alikuwa fundi cherehani, mke muoka mikate, na watoto wao wote walikwisha kuota mbawa wakaenda zao. Pikipiki ikabaki. Usiku ililala sebuleni nyuma ya mlango, ikidondosha oili kwenye gunia, na kila mwenye kutaka kupita ilibidi aipishe yeye. "Hiki si chombo tena," mke alisema siku moja akipiga deki kuizunguka. "Huyu ni shemeji. Kaja kutembea, kahamia." Jina likashika.

Na kama mashemeji wote, kazi ya upatanishi ilimwangukia. Wale wawili wakinuniana, na walijua kununiana, usione walivyozeeka pamoja, hawakusemezana uso kwa uso. Zamani maneno yalipita kwa watoto: mwambie baba yako maji yamechemka, mwambie mama yako nimesikia, mimi si kiziwi. Watoto walipoondoka, maneno yakawa yanapita kwa Shemeji.

Sasa asubuhi hiyo walikuwa wanakwenda kumchukua mjukuu. Shule zimefungwa, binti yao kapiga simu kwamba mtoto akae likizo yote kwa babu na bibi. Mjukuu mwenyewe msichana mdogo, meno ya mbele hana, na sharti lake lilikuwa moja tu: apandishwe Shemeji, akae katikati, babu mbele, bibi nyuma, kama siagi ndani ya mkate. Babu alishamshonea na kumpelekea kijikoti cha safari, chenye mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo mtoto vya kutia humo.

Walikuwa wanapita taratibu mtaa wa karakana, penye maseremala na wachomea vyuma, mke alipoona kwa juu ya bega la mumewe kipande cha mbao kimelala katikati ya njia, misumari imesimama wima. Kibao cheupe, kipya, juu ya lami nyeusi.

"Kibao!" akasema.

"Kibao gani?" mume akauliza, na bado anauliza, wakawa wamekwisha kukipanda.

Shemeji akatoa pumzi ndefu, akayumba matakoni, akasimama.

Waliikokota mpaka kivulini, mbele ya banda la seremala mmoja aliyekuwa anapiga randa. Mke akatua kikapu cha mikate, akajipangusa uso, akamtazama mumewe.

"Baba Watoto, kile kibao ulikiona au hukukiona?"

Mume akawa anafungua kiti kutoa spana.

"Si nakuuliza?"

"Sogeza kikapu chako," mume akasema, "kitaingia vumbi."

Hapo ndipo mnuno ulipoanza.

Mke hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa na lake moyoni, kalifunika muda mrefu kama unga uliochachuka. Kila asubuhi, kabla hajakwenda kwenye tanuri, mume alimletea sindano zake. "Nitungie uzi, mama, leo vidole vyangu vina jasho." Hiyo leo ikawa kila siku. Akamtungia, akanyamaza. Na juzi tu alimkuta uani anasalimia koti la jirani lililoanikwa kambani, anauliza na watoto hawajambo. Mke akacheka mpaka akashika ukuta. Mume naye hakutetereka: "Mtu mstaarabu hachagui wa kumsalimia."

Lakini koti halina misumari. Kama alikiona kibao akakipanda kwa uzembe, angemgombeza, yakaisha. Na kama hakukiona? Mtoto wa watu atakaa pale katikati, mbele yake mgongo wa babu, nyuma yake kifua cha bibi, anaimba, hajui lolote. Mke akajiapia kimoyomoyo: bila jibu, mtoto hapandi. Ila jibu hilo hakutaka kulitoa yeye. Alimjua mumewe. Ukimwambia huoni, atakubishia mpaka ushahidi uchoke. Ilibidi litoke kwake mwenyewe.

Mume akaipandisha Shemeji kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likaning'inia. Akatandaza kitambaa chini, maana fundi cherehani hata akichimba kisima atatandaza kitambaa kwanza, akapiga goti.

"Shemeji," akasema, akikipapasa kiti, "mwambie huyo uliyembeba anipe spana kubwa."

"Shemeji, mwambie mwenye macho yake, spana iko mbele ya goti lake."

Mkono wa mume ukatembea juu ya kitambaa, ukaipita spana, ukarudi, ukaipata.

Seremala akaacha randa. "Jamani, hiyo pikipiki inajibu?"

"Inajibu kuliko wengine," mke akasema.

Mume akafungua kijiti cha breki, akachomoa pini, akaivamia nati kubwa ya ekseli. Nati ikagoma. Akavuta, akasukuma, akaitukana kwa adabu. Wapi.

"Shemeji, mwambie anipishe," mke akasema. Akapandisha mikono ya gauni. Mikono iliyokanda unga miaka nenda miaka rudi haiogopi nati. Akailalia spana kama anavyolilalia donge la unga, nati ikalia kwii, ikalegea.

"Mwambie ahsante, Shemeji."

"Mwambie ahsante nimeipokea, ila nilichouliza bado nakingoja."

Mume akaazima nyundo kwa seremala, akaigonga ekseli polepole juu ya kipande cha mti, akaichomoa. Ile bushi, pete nene ya chuma inayolishika gurudumu lisicheze ubavuni, ikamwangukia kiganjani. Akaiweka pembe ya kitambaa, akaigonga kwa kidole kama kuiambia tulia hapo. Kisha akalisukuma gurudumu mbele, cheni ikalegea, akaitoa kwenye meno yake.

"Inamisha," akasema.

Mke akaiegemeza pikipiki nyongani, kama alivyokuwa akiwaegemeza watoto wake. "Haya, toa. Upande wako. Upande wako, baba! Hapo." Gurudumu likatoka. Wote wawili wakawa wamesahau kumpitishia Shemeji maneno, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema amegundua.

Kulibandua tairi ilikuwa kazi ya vidole, na kwa vidole, mwanamume yule hakuwa na mwenzake. Akaingiza vyuma vyake bapa, akakunja, akavuta, tyubu ikatoka mzimamzima. Akaijaza upepo kidogo.

"Mzee, beseni la maji hili hapa," seremala akaita. "Itumbukize, utaona mapovu."

"Mapovu ya nini, kijana wangu," mume akasema. "Mimi namsikia."

Akafumba macho. Akaisogeza tyubu karibu na midomo, akaanza kuizungusha taratibu, shavu hili, shavu lile, kama mtu anayenong'onezwa siri. Mke akatazama. Ndivyo siku hizi alivyokuwa akikagua hata mishono, kwa kuipitisha shavuni, na wateja wakasifu kwamba fundi huyu anakibusu kitambaa. Moyo ukamwenda mke mbio kwa huruma, na kwa kitu kingine kilichokuwa kizee kuliko huruma.

"Huyu hapa," mume akasema, na kidole chake kikawa juu ya tundu lenyewe hasa.

Akaingiza mkono ndani ya tairi na kitambaa, akapapasa mzunguko mzima, akasema "Aah," akachomoa msumari. Akasugua msasa, akapaka gundi, akaipepea kwa kiganja.

Gundi haipendi haraka. Wakakaa. Mke akatoa mkate kikapuni, akaukata kwa mkono, nusu akampa mumewe, kipande akampelekea seremala.

"Na Shemeji hapewi?" mume akauliza, mdomo umejaa.

"Shemeji kafunga. Tumbo limemwendesha njiani, hukusikia?"

Mume akapaliwa kwa kicheko. Mke akampiga mgongoni, mkono wake ukabaki pale pale. Mnuno ukawa umekwisha hivyo, bila mtu kuuaga.

"Baba," akasema, safari hii kwa sauti ya ndani ya nyumba, "yule mtoto sasa hivi kasimama mlangoni na kijikoti chake, kila pikipiki ikipita anaruka. Tutamweka katikati yetu. Niambie tu. Ulikiona, hukukiona?"

Mume akatafuna. Akatafuna mkate ule mpaka ungedhani ni mfupa.

"Gundi imekauka," akasema.

Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa dole gumba. Wakarudisha tyubu, wakarudisha tairi, mke akapiga pampu mpaka kilemba kikamwangukia machoni. Gurudumu likashiba, likawa gumu. Mke akainamisha tena pikipiki, mume akalisukuma gurudumu mahali pake, akaipandisha cheni kwenye meno. Katika kujikunja huko goti lake likakivuta kitambaa. Bushi ikajiviringisha, ikatoka kwenye pembe yake, ikaviringika juu ya maranda ya mbao, ikaenda kulala kando ya kiatu chake cha kushoto.

Mume akashika ekseli mkono mmoja. Mwingine akaupeleka nyuma, kwenye pembe ya kitambaa.

Hakuna kitu.

"Bushi," akasema.

Akapapasa kitambaa. Akapapasa vumbi la kulia. Akapapasa maranda ya kushoto, vidole vikapita pembeni ya bushi kwa upana wa unyoya, vikaendelea. Jua lilikuwa limeingia kivulini wakati huo, na ile pete ya chuma ilimeta kama jino la dhahabu. Hata kuku angeiona.

Seremala akaiona. Akafungua mdomo. "Mzee, si hiyo..."

Mke akaweka kidole midomoni mwake mwenyewe, na macho yake yakamwomba. Seremala akafunga mdomo, akainamia randa yake, akawa hapigi, kaishika tu.

Mkono wa mke nao ulikwisha kwenda. Ulikuwa nusu ya njia kuiokota, maana ndio kazi uliyoizoea: kuokota, kutunga uzi, kuhamisha kigoda kabla hajajikwaa, kumnong'oneza jina la anayekuja kabla hajasalimia. Akaurudisha. Akajikumbatia, viganja vyote viwili akavifungia makwapani, kama mtu mwenye baridi mchana wa jua.

Mume akapapasa tena. Kisha mikono yake ikaacha. Akainua uso kumtazama mkewe, na macho yake yakatua pembeni kidogo ya mahali alipokuwa.

"Iko karibu?"

"Iko karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Inakugusa kiatu, baba."

Mume akacheka kidogo, puani. Hakuinama kuitafuta. Akaiweka ekseli chini, akachukua kitambaa, akaanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya akimaliza suti ya bwana harusi.

"Mama Watoto."

"Naam."

"Ulivyosema kibao, nilianza kukitafuta. Nikawa natafuta, natafuta, nasikia tumeshapanda." Akakunja kitambaa, akakikunja tena. "Sikukiona. Siku hizi hata wewe, ukisimama na wenzako pale tanurini, nakujua kwa harufu ya mkate. Huyo mtoto twende tukamlete kwa basi."