Akaunti ya Fundi

Fundi alipobadilisha ubao wa ndani wa kompyuta ya chekechea yangu, ilidai upya leseni ya programu zake. Leseni hiyo huwashwa kwa akaunti ya mtandaoni, nami sikuwa nayo.

"Usihangaike, mama. Naiwasha kwa yangu."

Ikawaka. Nikamshukuru, nikarudi kwa watoto wangu thelathini na wawili.

Wiki iliyofuata, asubuhi, nikakuta kwenye folda zangu picha za sebule nisiyoijua na barua ya mtu anayeomba kazi. Nikampigia fundi.

"Hizo za wateja wengine, mama. Nyote mko kwenye akaunti yangu, na mnachohifadhi hupanda humo. Mkiambiwa mfungue zenu, mnalalamika."

"Kwa hiyo naona vya wenzangu."

"Kidogo tu."

"Na wao wanaona vyangu?"

"Ndivyo akaunti inavyofanya, mama."

Vyangu ni orodha ya watoto: picha, mtaa, maradhi, saa ya kuondoka, nani huja kuwachukua.

"Njoo sasa hivi."

Alikuja anatabasamu. Nikamwambia tabasamu alitie mfukoni. Akafungua orodha ya kompyuta zilizomo kwenye akaunti. Nane.

"Hii ya mwisho ya nani?"

"Niliiuza mwezi uliopita. Nikasahau kuitoa."

"Ukamuuzia nani?"

"Mtu tu. Alilipa akaenda zake."

Orodha ilionyesha imetumika asubuhi ile ile, saa mbili.

Aliitoa, akanifungulia akaunti yangu, akahamisha vitu vyangu. Lakini kilichokwisha kusomwa utakifutaje?

Nikawapigia wazazi wote. "Leo njoo mwenyewe. Usimtume mtu."

"Mwalimu, umeota vibaya?" baba mmoja akanitania.

"Nimeota. Njoo."

Saa saba nilisimama getini, nimelifunga, ufunguo mkononi. Wazazi walikuja wakinung'unika, wakachukua watoto wao. Akabaki mmoja. Mama yake alikuwa amesema atachelewa kidogo.

Akaja mwanamke nadhifu, mkoba begani. "Mimi shangazi yake. Mama yake amekwama kazini." Akataja jina la mtoto, mtaa wao, hata kwamba karanga zinamdhuru.

Nikampigia mama yake huku namtazama.

"Shangazi gani, mwalimu? Baba yake hana dada. Niko njiani."

Mwanamke alisikia. Hakukimbia. Alishika nondo za geti, akachungulia nyuma yangu, akamwita mtoto kwa upole. Nikasikia viatu vidogo vinakuja.

"Rudi ndani," nikasema bila kugeuka. Sauti haikuwa yangu.