Maneno ya Nikitas Pembeni mwa Kitabu

Stamatis, mwandishi wa kunakili vitabu, alikuwa kanisani wakati tajiri aliyempa kitabu cha tiba akinakili alipokuja kukichukua. Aliporudi alikuta meza tupu, na mwenye nyumba akamwambia kimepelekwa kwa Mama Orsola kujalidiwa. Stamatis akatoka mbio.

Wanakili wote wa Kigiriki hapa Venisi wana mtindo mmoja: kwanza unanakili habari yenyewe kwa wino mweusi, kisha unatia herufi nyekundu, na yale maelezo ya pembeni unayaacha mwisho. Stamatis aliyaacha kwa sababu nyingine pia. Ya kitabu hiki yaliandikwa na Nikitas, kaka yake, katika mwaka wake wa mwisho kule Krete, kabla homa haijamchukua na kitabu hicho kuuzwa, mpaka kikamfikia tajiri huyo. Ndugu hao waliagana wamenuniana. Stamatis aliogopa kuyasoma, asije akakuta ametukanwa na marehemu, basi kila siku akajiambia kesho. Woga wa kijinga kabisa, na yeye alijua.

Na wajalidi wa Venisi wanajulikana. Hukibana kitabu kwenye jiliwa, wakakata kingo mpaka ziwe sawa, zipate kupakwa dhahabu. Kilichoandikwa pembeni huenda na takataka.

Alikimbia kupita madaraja yote yale, njia nzima akimlaani tajiri na mali zake. Alipoingia karakanani, kisu kilikuwa juu ya meza na chini kulikuwa na kikapu cha vipande vyembamba vya karatasi. Aliona herufi za Kigiriki kwenye kimoja. Akapiga magoti, akaanza kuvichambua.

"We baba, umedondosha pete?" Mama Orsola aliuliza, brashi ya gundi mkononi.

"Umemkata kaka yangu!"

"Mimi? Mimi nakata karatasi. Kaka yako hata simjui."

"Maandishi ya pembeni, mama! Kile kitabu cha tiba! Ndiyo maneno yake ya mwisho, na mimi sijayasoma!"

"Umekaa nacho tangu Pasaka hujasoma? Ulikuwa unakifanyia nini, unakilalia?"

Stamatis alijifuta pua kwa mkono wa kanzu, akaendelea kuchambua.

"Hebu inuka, unaniaibisha mbele ya wateja," mama alisema, sauti ikilegea. "Hivyo ni vya kitabu cha padri wenu. Chako kiko pale dirishani. Yule tajiri wako amenikalia hapa asubuhi nzima, ndiyo kwanza ametoka. Eti hapa usikate, mama, hapa kunja. Kila ukurasa! Kidogo nimpige na nyundo."

"Tajiri mwenyewe?"

"Anasema kitabu bila hayo machorochoro ni nusu kitabu. Nyie watu wa vitabu mna kichaa, wote."

Stamatis aliona haya kwa laana zote alizomwaga njiani. Akakisogelea kitabu. Kweli, kila ukurasa wenye maandishi pembeni ulikuwa umekunjiwa ndani, na kisu kilipita nje ya mkunjo bila kugusa herufi hata moja. Alishusha pumzi ndefu, akacheka peke yake. Kisha akafungua mkunjo mmoja kwa kidole, penye dawa ya kikohozi, na safari hii akasoma.

Mwandiko wa Nikitas ulikuwa umepinda kama kawaida yake. "Kitabu kinasema siki. Mimi nasema asali. Stamatis akifika hapa atabisha. Mwacheni abishe, ndivyo anavyonipenda."

Stamatis aliukunjua ukurasa wote, akaulaza kwa kiganja. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hakujali nani anamwona.

"Ni siki, Nikitas," alisema. "Ni siki, mbishi wewe."